Inategemea ni kombora gani
Umeuliza kama askari akishafyatua kombora la kupiga vifaru anaweza kuondoka hapo hapo. Inategemea kombora. Malyutka ya Wasovieti, waliyoitumia Wamisri katika vita vyao na Israeli mwaka 1973, ilimtaka mrushaji aangalie kombora na kifaru kwa pamoja huku akiliongoza kwa kijiti, amri zikipita kwenye waya mwembamba uliokuwa ukifunguka nyuma ya kombora. Kazi ngumu mno, tena anapigwa risasi! Kwa kombora liitwalo Milan unashikilia tu alama ya darubini juu ya kifaru mpaka kombora lifike. Javelin ya Marekani ndiyo inayomruhusu askari kuondoka: inanasa joto la shabaha kabla ya kufyatuliwa, kisha inajiongoza yenyewe na kukishukia kifaru kutoka juu, ambako chuma chake ni chembamba.