Nilipaza sauti tu: je, nimemzuia polisi?

SWALI: Shikamoo wakili. Polisi walimkamata mdogo wangu mlangoni kwetu. Nilisimama hatua tatu kutoka walipo, nikapaza sauti: "Mnampeleka wapi?" Nimeshtakiwa kwa fujo na kumzuia polisi kazini. Sikumgusa mtu. Nina kosa?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Hayo ni mashtaka mawili, usiyachanganye. Fujo hutazama utulivu wa umma: vitisho, matusi ya kuchokoza ugomvi. Kuzuia hutazama kazi ya askari: je, ilikuwa halali, na ulimkwamisha kwa makusudi? Kuuliza peke yake si kukwamisha. Mwaka 1987, katika kesi ya Houston dhidi ya Hill, Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha sheria ya mji wa Houston iliyofanya kumkatiza askari kwa maneno kuwa kosa. Lakini kila nchi ina sheria yake, na ili kuzuia kuwe kosa si lazima uwe umemgusa mtu. Hata kuziba njia huweza kutosha.

Ndiyo maana zile hatua tatu ni roho ya kesi yako. Ziandike leo, kabla hazijafifia: ulisimama wapi, askari walipita upande gani, jirani yupi aliona. Na nakuomba sana, usikiri kosa ili tu urudi nyumbani upesi, kabla wakili hajaisoma hati ya mashtaka.