Jibu: Bahati iko wapi katika miraba 40,000 ya Morellet?

Habari ndugu. Umeuliza inakuwaje picha ya mchoraji Mfaransa François Morellet ya mwaka 1960, yenye miraba 40,000, iitwe ya kubahatisha ilhali safu zake zimenyooka. Kwanza tazama bahati ilipoachiwa nafasi. Safu 200 kwa 200 na rangi mbili tu, nyekundu na buluu, aliziamua mwenyewe. Mraba upi upate rangi ipi, hilo aliliachia kitabu cha namba za simu, tarakimu shufwa zikipewa rangi moja na witiri nyingine.

Mimi huwapa wanafunzi daftari la hesabu lenye vijisanduku, wakavijaza kwa kanuni hiyo wakitumia namba zilizomo kwenye simu zao, na punde huanza kuonekana mabaka na michirizi ambayo hakuna aliyeikusudia.

Umeuliza pia kama ni kweli Morellet aliendesha kiwanda. Ni kweli: aliendesha kiwanda cha familia cha vitu vya kuchezea watoto huko Cholet, Ufaransa, hadi katikati ya miaka ya 1970. Kwa maoni yangu, kutotegemea mauzo ya picha kulimpa uhuru mkubwa wa kujaribu, hata akaingia kwenye taa za neoni mwaka 1963.