Nilivyoipoteza Difu Nzima kwa Sababu ya Mafuta

Juma lililopita msomaji mmoja aliniandikia swali la mstari mmoja: ana gari la michezo la miaka ya 1980, anataka kubadilisha mafuta ya difu, yaani kasha la gia linalogawa nguvu ya injini kwa magurudumu mawili ya nyuma, je, anunue mafuta gani yaliyo bora kuliko yote? Nilianza kumjibu mara tatu, nikafuta mara tatu. Swali hilohilo niliwahi kujiuliza mwenyewe miaka kadhaa iliyopita, nikalijibu kwa haraka, na jibu langu lilinikosesha kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka roho inaniuma.

Gari langu lilikuwa BMW 325i ya kizazi cha E30, gari ambalo nililitamani tangu nikiwa mwanafunzi na ambalo, kama mnavyojua ninyi mnaosoma hapa, mtu hulinunua kwa moyo kwanza, hesabu zikafuata baadaye. Aliyeniuzia alinisisitizia kwamba difu yake ni ile yenye LSD, yaani ile inayozuia gurudumu moja lisizunguke bure huku jingine likikosa nguvu. Alinionyesha hata kibati kidogo kilichobanwa na bolti ya mfuniko wa nyuma wa difu, chenye herufi S ikifuatwa na uwiano wa 3.73. Niliitikia kwa kichwa kama mtu anayejua anachoonyeshwa. Sikujua.

Baada ya wiki chache niliamua kubadilisha mafuta yote ya gari, kuanzia ya injini hadi ya breki. Kwa upande wa difu nilifanya kile ambacho nadhani wengi wenu mmeshakifanya: nilinunua chupa ya bei ya juu kuliko zote. Ilikuwa imeandikwa 75W-90, yaani uzito wa mafuta, na GL-5, yaani daraja la kinga yake kwa meno ya gia, maandishi ambayo kwa difu nyingi za aina hiyo hayana kasoro yoyote. Nikamimina lita 1.7, nikafunga kizibo, nikapiga picha mikono yangu ikiwa myeusi kwa grisi, nikajiona fundi.

Asubuhi iliyofuata nilipokuwa natoka kwenye maegesho, usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho, nyuma ya gari kukatokea mtikisiko wa ajabu. Haukuwa mlio wa kudumu kama wa bearingi iliyokwisha, bali mishtuko mifupi iliyofuatana, tak-tak-tak, kama mtu anayeburura mnyororo juu ya sakafu ya mbao, na ulikoma mara tu nilipounyoosha usukani. Barabarani gari lilikwenda kimya kabisa. Jioni, wakati wa kuegesha, mnyororo ukarudi.

Nililipeleka kwa fundi. Aliketi pembeni yangu, tukazunguka uani mara mbili, akatoa hukumu kabla hata ya kushika spana: difu imekwisha, afadhali niifunge nyingine iliyotumika ambayo anayo stoo. Sikumuuliza imekwisha nini. Sikumwambia kwamba mlio ulianza siku moja baada ya mimi kubadilisha mafuta, kwa kuwa niliona aibu kukiri kwamba nilikuwa nimeigusa. Difu ya kawaida ikafungwa, na ile yangu nikamuuzia kijana mmoja kwa bei ya vyuma chakavu.

Miezi miwili baadaye kijana yule alinipigia simu kunishukuru. Nilimuuliza aliitengenezaje. Akacheka kwa adabu, akasema, “Kaka, ile difu haikuwa na ugonjwa. Ilikuwa inadai mafuta yake tu.”

Naomba nieleze alichomaanisha, kwa kuwa mimi nililipa ada ya somo hili na sioni sababu ya mwingine kulipa tena. LSD ya gari langu ilikuwa ya plati za klachi. Ndani yake mna plati zilizopangwa na kukandamizwa pamoja, na gari linapokata kona, magurudumu mawili ya nyuma huzunguka kwa kasi tofauti, hivyo plati hizo hulazimika kuteleza moja juu ya nyingine. Mafuta yasipokuwa na kiongezo cha kulainisha msuguano, plati hazitelezi kwa utulivu: zinashika, zinaachia, zinashika tena, na huo ndio mnyororo niliokuwa nausikia. Chupa yangu ya bei mbaya haikuwa na kiongezo hicho. Kijana alimwaga mafuta yangu yote, akaweka mafuta yenye alama ya LS, ambayo huja na kiongezo tayari, kisha akazunguka polepole kwenye uwanja mtupu kwa umbo la namba 8 ili mafuta mapya yapenye katikati ya plati. Mlio ukaisha siku hiyohiyo.

Kwa hiyo ndugu zangu, msichague mafuta kwa bei wala kwa sifa za chupa. Chagueni kwa kuangalia kilichomo ndani ya difu. Chukueni mfano wa Mazda MX-5 za kizazi cha kwanza. Zile za injini ya lita 1.6 zilizokuja na LSD zilikuwa na ya majimaji mazito ya silikoni, ambayo yamefungiwa ndani ya kasha lake na hayachangamani kabisa na mafuta ya difu; zile za lita 1.8 kuanzia toleo la mwaka 1994 zikapewa Torsen, ambayo hufanya kazi kwa msuguano wa gia zenyewe. Zote mbili hazihitaji kiongezo kile kilichoiokoa difu yangu, na kwenye Torsen kukimimina ni kuipunguzia kazi yake. Jina la gari ni lilelile, umbo ni lilelile, ndani ni vitu viwili tofauti. Na gari la zamani limeshapita mikononi mwa watu wengi, kwa hiyo hata kitabu cha mtengenezaji hakiwezi kuapa kwamba difu iliyoko chini leo ndiyo iliyotoka kiwandani.

Kuna kosa jingine ambalo nimeliona kwa watu waangalifu zaidi yangu. Wamesikia kwamba GL-5 huweza kula shaba na bronzi za vilinganishi (pete zinazosaidia gia kuingia bila kukwaruza) vya giaboksi za zamani, jambo ambalo lina ukweli wake, basi wanaogopa na kuweka GL-4, daraja lenye kinga ndogo zaidi, kila mahali, hata kwenye difu. Pinieni, ile gia ndogo inayoingiza nguvu ndani ya difu, kwa kawaida haikai sawa na katikati ya krauni, ile gia kubwa inayozungushwa nayo, kwenye gari la kuendeshwa kwa magurudumu ya nyuma. Imeshushwa chini, na kwa sababu hiyo meno yake hukwaruzana kwa kuteleza chini ya mgandamizo mkubwa sana. Salfa na fosforasi zilizomo kwa wingi ndani ya GL-5, zile zinazoyapa mafuta harufu ya yai viza, zimewekwa kwa ajili ya meno hayo. Ukiyanyima, yataliwa taratibu, na siku utakapoanza kusikia mvumo ukiongeza mwendo, mafuta hayatasaidia tena.

Kuhusu uzito wa mafuta, ile 90 iliyoandikwa kwenye chupa, nasema kwa ufupi kwa sababu watu huupa umuhimu kuliko unaostahili. Namba za mafuta ya gia hazilingani na za mafuta ya injini: 90 ya gia inakaribiana na 40 au 50 ya injini, kwa hiyo usidhani unamimina lami. Ila vitabu vya magari yetu viliandikwa kabla ya mwaka 2005, wakati kiwango cha SAE J306, kinachopanga namba za uzito wa mafuta ya gia, kilipogawanywa upya na kuongezewa daraja za 110 na 190. Ile 90 ya zamani ilikuwa pana, ikichukua hata mafuta ambayo leo huitwa 110. Ndiyo maana difu iliyochakaa kidogo na inayovuma inaweza kutulia ukipanda daraja moja bila kuvunja agizo la kitabu, wala hakuna haja ya kurukia 140 kama wanavyoshauri wanaotaka kuficha mlio kabla ya kuuza gari.

Nilijaribu kuinunua tena difu yangu. Kijana alikataa kwa heshima, na mimi ningekataa vilevile. Ilinichukua muda mrefu kupata nyingine yenye kibati cha S, na safari hii nilifanya kila kitu kwa utulivu: nilifungua kizibo cha kujazia kwanza kabla ya kumwaga chochote, maana kizibo hicho kikigoma kufunguka na mafuta umeshayamwaga, gari haliondoki hapo. Nikasafisha tundu la kupumulia lililokuwa limezibwa na matope. Nikaweka mafuta ya LS hadi yakaanza kuchuruzika kwenye tundu la kujazia, gari likiwa limelala sawa. Sikuongeza kiongezo kingine juu yake, kwa kuwa kikizidi plati huteleza mno na LSD hugeuka difu ya kawaida. Nilipofungua tena baadaye, sumaku ya kizibo kipya ilikuwa na tope laini la kijivu, linalopakika vidoleni kama poda iliyolowa, bila kipande hata kimoja cha chuma. Nililitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Sasa nakujibu wewe uliyeniuliza. Sitakutajia chupa. Pandisha gari, liweke kwenye stendi imara, chukua tambara na mafuta ya taa, ufute nyuma ya difu hadi uone kibati au namba zilizochongwa. Nipigie picha yake unitumie.