Dakika 58 zilizonifundisha bili za muda wa ziada

Mwaka wangu wa kwanza kuandaa bili kwenye kliniki moja huku Marekani, nilipeleka dai la bibi mmoja mwenye Medicare, bima ya serikali hasa kwa wazee. Daktari aliandika kuwa siku ile alimshughulikia kwa dakika 58. Nikaweka 99215, namba ya bili ya kiwango cha juu kabisa kwa mgonjwa wa zamani anayekuja kliniki, nikaibebesha na 99417, ile ya muda wa ziada ambao daktari ametumia kwa mgonjwa. 99417 ikakataliwa. Nikajiambia si neno, Medicare wana namba yao, G2212. Nabadilisha napeleka upya. Dada aliyekuwa akinifundisha kazi akaniuliza, "Mdogo wangu, dakika umehesabu?"

Sikuhesabu. Nilidhani namba hizo mbili ni mapacha. Kumbe kwa 99417 unaanzia dakika 40 za 99215, unaongeza robo saa kamili, ukifika 55 unadai. Medicare ni wagumu zaidi: G2212 huigusi mpaka dakika 69. Kwa mgonjwa mpya, anayeandikiwa 99205, ni 75 kwa 99417 na 89 kwa Medicare. Basi dakika 58 za bibi yule zilistahili 99215 peke yake. Ningebadilisha namba tu, ningekuwa nadai pesa za serikali zisizo haki, na kwa hilo sheria za huku hazina mchezo. Bima binafsi nazo hazifanani, kwa hiyo nimebandika ukutani karatasi inayoonyesha nani anafuata kipimo kipi.

Tangu 2021 zinahesabiwa dakika zote za daktari mwenyewe siku hiyohiyo, hata zile za kusoma majibu kabla mgonjwa hajaingia na za kuandika faili akishaondoka. Za muuguzi anayepima presha hazimo. Kipimo cha moyo kilichodaiwa kivyake, toa dakika zake. Ila mazungumzo kupitia mkalimani yamo. Nimeona ndugu zetu wa Kongo wakihudumiwa kwa Kiswahili, kila sentensi inasemwa mara mbili, halafu daktari anaandika dakika 30 kwa mazoea! Hapo kliniki inajipunja yenyewe.

Dakika 14 za ziada hazidaiwi, maana robo saa haijatimia. Na kama daktari amechagua kiwango cha bili kwa ugumu wa maamuzi ya tiba badala ya muda, namba ya ziada usiiweke kabisa. Ukikuta 99354 au 99355, namba za zamani za muda wa ziada, kwenye orodha ya ofisini, ifute. Zimeondolewa tangu 2023.

"Nilikaa na mgonjwa muda mrefu" haimsaidii mtu, mkaguzi akija. Mimi huwaomba madaktari waandike hivi: "Muda wangu wote kwa mgonjwa huyu leo ni dakika 72: kusoma majibu ya maabara, kumpima, kuzungumza naye na mwanawe, kuagiza dawa na kuandika faili." Daktari akisahau, namrudishia faili jioni hiyohiyo, maana wiki ikipita hata yeye hakumbuki.