Maharage ya mawese kwenye sufuria ya umeme ya kupikia polepole

Ndugu, umeuliza kama maharage mekundu, nyanya na mawese uliyo nayo yanaweza kuiva kwenye sufuria ya umeme ya kupikia polepole ukiwa kazini. Yanaweza, ila yaloweke usiku kucha, umwage maji yale, kisha uyachemshe kwa moto mkali jikoni kwa dakika 10, kwa sababu sufuria hiyo huenda isifikie joto la kuharibu sumu yao ya asili, lektini. Hapo ndipo uyaache humo kwa saa 7 au 8 pamoja na kitunguu. Nyanya zisubiri, maana uchachu wake huchelewesha maharage kulainika. Mawese, nasi wa Kigoma hatuyakosi, mimi huyatia mwishoni, vijiko 2, mpaka mchuzi ugeuke rangi ya chungwa.