Mpelekeni mjukuu kule vitu vinakotengenezwa

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: ni safari gani babu na bibi wafanye na mjukuu wao kabla hajawa mtu mzima? Jibu langu ni hili: chukueni gari katika wiki za Majilio, zile nne kabla ya Krismasi, mkaizunguke miji midogo ya jimbo la Sachsen, mashariki mwa Ujerumani.

Mimi na mume wangu tunaishi Leipzig. Yeye kwao ni Tukuyu, alikuja huku kijana enzi za Ujerumani Mashariki, akasoma Kijerumani katika Taasisi ya Herder kama wanafunzi wengi wa kigeni wa wakati ule. Mwaka jana shule zilipofungwa, binti yetu aliyeko Mbeya alimleta mwanawe wa kike, miaka tisa, akae nasi hadi sikukuu. Babu yake akafunga kiti cha mtoto nyuma ya gari, maana hapa sheria inakitaka hadi mtoto afikishe miaka 12 au urefu wa sentimita 150, tukaondoka.

Ukitaja Krismasi ya Ujerumani, wengi wanawaza masoko: vibanda, taa, harufu ya mdalasini, soseji za kuchoma. Sina neno baya juu yake. Soko la Dresden, Striezelmarkt, lipo tangu 1434, na kipande cha Stollen, ule mkate mtamu wenye zabibu kavu na sukari nyeupe juu, kinaliwa kwa furaha na mtoto wa taifa lolote. Lakini jioni sokoni umati unabanana, na mtoto mfupi anaona makoti ya watu wazima tu. Ndiyo maana nawasihi msiishie hapo. Mpelekeni mtoto akaone mikono ikifanya kazi.

Nendeni Seiffen. Ni kijiji cha milima ya Erzgebirge, karibu na mpaka wa Cheki. Wazee wa pale walichimba bati, na bati lilipopungua wakashika mbao. Kwenye jumba lao la makumbusho la wazi tulimkuta fundi akikereza gogo bichi la mti wa jamii ya msonobari, maji yakiruka. Patasi inaingia upande huu, inatoka, anageuza pande la mti, anachimba upande wa pili. Kinachobaki ni duara lenye mifereji, na ukilitazama huwezi kujua ni kitu gani. Kisha analiweka mezani, anashika kisu na nyundo, anapasua. Ndani ya mpasuko pakatokea ng'ombe! Miguu, mgongo, kichwa, kila kitu. Akapasua tena, ng'ombe wa pili, na wa tatu, duara zima limejaa ng'ombe waliosimama bega kwa bega. Mjukuu wetu akamshika babu yake mkono: "Babu, alijuaje kama wamo?" Fundi alipotafsiriwa alimwonyesha namna anavyopima kwa kidole, bila kuona umbo lenyewe hadi mwisho. Mtoto hakutaka kuondoka pale, nasi hatukumharakisha. Mimi nilikuwa nimeishi nchi hii miaka mingi bila kuwahi kuliona jambo hilo kwa macho yangu.

Saa kumi alasiri giza linaanza kuingia, na hapo ndipo madirisha ya Seiffen yanapoeleweka. Mchimba madini wa zamani, majira ya baridi, aliingia shimoni kabla ya jua kuchomoza na kutoka lilipokwisha kuzama, kwa hiyo mwanga ulikuwa na thamani kubwa kwake. Kwenye dirisha wanaweka malaika wa mbao na mchimba madini wa mbao, kila mmoja ameshika mishumaa. Desturi ya zamani ilikuwa malaika mmoja kwa kila binti wa nyumba na mchimba madini mmoja kwa kila mvulana. Alipoelezwa hilo, mjukuu alizungusha macho mtaa mzima akisoma familia za watu kupitia vioo.

Kutoka Dresden tulishika barabara ya mashariki hadi Herrnhut, na hapa nasema kwa moyo wote: kama kwenu ni Rungwe, Mbeya au Tabora, msiukose mji huu. Ulianzishwa 1722 na wakimbizi wa imani kutoka Moravia, eneo ambalo leo liko Cheki, katika ardhi ya kabaila mmoja aitwaye Zinzendorf, na ndiko lilikochipukia upya Kanisa la Moravian. Wamisionari wake walifika Rungwe 1891. Mume wangu amebatizwa katika kanisa hilo. Alipanda na mjukuu hadi makaburini mlimani, ambako mawe yamelazwa chini, karibu yote ya namna moja, tajiri na seremala hawatofautiani, wanaume upande wao na wanawake upande wao. Alimsimulia mtoto habari za babu yake yeye mwenyewe, mzaa baba yake, mambo ambayo hata mimi nilikuwa siyajui.

Kisha tukaenda kwenye kiwanda cha nyota. Nyota ya Herrnhut ina ncha 25: 17 za pembe nne na 8 za pembe tatu. Ilianzia mwanzoni mwa karne ya 19 katika shule za bweni za kanisa hilo, kama zoezi la hesabu, na miongoni mwa waliozikunja walikuwa watoto ambao wazazi wao walikuwa mbali kwenye kazi ya misheni. Wageni wanaruhusiwa kukunja zao. Mjukuu wetu, naye mama yake akiwa Mbeya, alikunja ncha moja baada ya nyingine, akibonyeza kila mkunjo kwa ukucha. Iliyopinda aliifungua mwenyewe akairudia.

Mkitaka kwenda, chagueni siku za kazi, kwa sababu Jumamosi na Jumapili za Majilio Seiffen hakupitiki. Gari liwe na matairi ya majira ya baridi, na mfukoni muwe na pesa taslimu. Msio na gari, Herrnhut mnafika: treni kutoka Dresden hadi Löbau, kisha basi.