Mwalimu Anajibu: Sabuni Inafua Yenyewe?

Barua za mwezi huu zimekuja kama zilizopanda basi moja. Nimeziweka pembeni za mahari na za ugomvi wa mipaka ya mashamba, zitasubiri, maana nne kati ya zilizobaki zinazungumzia matangazo ya sabuni kwenye televisheni. Nimefundisha sayansi kimu hadi nikastaafu, na habari ya kufua huwa siipiti hivihivi.

Shikamoo Mwalimu. Mwanangu wa kiume yuko darasa la 3. Jumamosi nilimwambia afue soksi zake na kaptula ya shule, akanijibu bila hata kutania: "Mama, wanaofua ni akina mama, hata kwenye TV." Baba yake akacheka. Mimi sikucheka. Nizime televisheni? — Mama wa watatu, Uyole

Marahaba mama. Usiizime. Ukiizima kwako ataitazama kwa jirani, na huko hutakuwepo kumuuliza maswali. Kaa naye, tangazo likija mtazame wote. Usimuulize nani anafua, hilo ameshaliona. Muulize maji yametoka wapi, nani ameyabeba, na mbona hakuna aliyesugua.

Yatazame vizuri matangazo haya. Mtoto anaingia mbio, shati limejaa tope. Mama, nywele zimetengenezwa, anatabasamu kama aliyeletewa zawadi. Anachovya shati mara moja kwenye beseni la povu, analiinua, jeupe pe! Jirani anachungulia na kuuliza siri. Kisha sauti nzito ya mwanaume asiyeonekana inaeleza nguvu ya sabuni. Nusu dakika, kazi imekwisha. Habari ya hiyo sauti nayo ni ya zamani: mwaka 1975 watafiti wawili wa Marekani, Leslie McArthur na Beth Resko, walichambua matangazo ya televisheni ya kwao wakakuta mwanaume mara nyingi anawekwa kuwa mjuzi wa bidhaa na mwanamke kuwa mtumiaji wake. Mama anafua, baba anajua kwa nini imetakata.

Sasa njoo Uyole, huku kwetu Mbeya, mwezi wa saba, asubuhi, maji yanauma kama yametoka kwenye friji. Shati la shule lina uchafu mkaidi mahali pawili, kwenye kola na kwenye ncha za mikono. Unalilowesha, unakunjua kola, unaipaka sabuni ya mche, unaliacha kidogo, ndipo unasugua kitambaa kwa kitambaa. Vidole vimeshakufa ganzi. Unasuuza maji ya kwanza, ya pili, na povu likikataa kuisha unaongeza ya tatu, na kila maji ni ndoo ambayo kuna mtu ameibeba. Unaanika, ukungu haujaondoka. Jioni unashika mishono, bado mibichi, na kesho alfajiri unapuliza mkaa wa pasi ili mtoto asiende shule na unyevu mgongoni.

Kwa hiyo mama kuonekana anafua hakunisumbui sana, akina mama wengi wanafua kweli. Kinachonisumbua ni kwamba kwenye tangazo kufua hakuchoshi. Mwanao amejifunza hilo kabla hajajifunza kwamba ni kwa akina mama. Jambo lisilochosha kwa nini mtu akusaidie? Kwa nini akushukuru?

Mpe beseni lake, kaptula yake na kipande cha mche. Asugue mwenyewe, hata kama itatoka na madoa, aivae hivyohivyo Jumatatu. Akimaliza usimwambie "asante kwa kumsaidia mama." Kaptula ni yake. Mwulize pia shuleni wanafundishwa nini kuhusu kazi za mikono, huenda mengine unayomfundisha nyumbani yamo humo. Na usidhani mikono ya kiume haiwezi. Nimefundisha wavulana wa bweni waliokuwa wanafua na kupiga pasi mpaka mkunjo wa suruali unakata nyanya, lakini likizo ikifika begi zima la nguo chafu linateremshwa stendi na kukabidhiwa dada mtu. Baba aliyecheka naye mpe soksi zake, kwa upole, mbele ya mtoto.

Kamwene Mwalimu. Mimi ni mzee wa miaka mingi kwenye ndoa na ninapenda safu yako, lakini hapa mnatuonea. Tangazo linaonyesha maisha yalivyo. Kwa mila zetu jiko ni la mama na limekuwa hivyo tangu mababu. Mbona tangazo la saruji likionyesha wanaume peke yao hamlalamiki? — Mzee wa Makambako

Kamwene baba. Hoja ya saruji nimeipenda, na nitaanza nayo. Ni kweli, matangazo ya saruji yamejaa wanaume wenye kofia ngumu. Lakini wewe na mimi tumepita sana barabara za huku kwetu, na tumewaona wanawake wamekaa chini ya mwavuli mkuukuu wanaponda kokoto, mtoto amelala pembeni. Kokoto hizo ndizo zinazochanganywa na hiyo saruji. Nao hawaonekani kwenye tangazo. Basi tulalamike yote mawili, nitasaini barua yako.

Kuhusu "maisha yalivyo", hapo sikubali. Dobi umewahi kumwona wa kike? Enzi zetu mtu akisema anapeleka suti kwa dobi, tulijua anaipeleka kwa mwanaume. Kwenye nyumba za wakoloni, aliyepika, aliyefua na aliyepiga pasi hadi nguo za ndani za bibi wa Kizungu mara nyingi alikuwa mwanaume wa Kiafrika, ameajiriwa, na akirudi kijijini na mshahara wake hakuna aliyemcheka. Leo nenda Mwanjelwa jioni, wanaokaanga chipsi na kugeuza nyama kwenye jiko la mkaa ni vijana wa kiume wamejifunga aproni. Ukiweka fedha mezani, mila inakaa kimya. Ikibaki kazi ya bure ndipo tunawakumbuka mababu.

Tena hao mababu, sina hakika tunawasema sawasawa. Kule Rungwe na Kyela, jembe zito la kufungua shamba lilikuwa la mwanaume na vijana wake, na mwanaume mvivu wa kulima alisemwa vibaya. Mgawanyo wa kazi ulikuwepo, siukatai, ila kila upande ulikuwa na jasho lake. Leo jembe wanaume wengi wameliacha, limebaki jiko la mama, na jembe nalo mama kalichukua.

Kuna jambo moja ambalo ningependa mzee mwenzangu ulijue kama hulijui. Mwaka 1983 kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ilifika Mahakama ya Rufani. Walikuwa wameachana na ubishi ulikuwa nyumba. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 114, inataka mahakama inapogawa mali iangalie mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi. Swali likawa: kupika, kufua, kulea watoto na kutunza nyumba ni "kazi" ya kuhesabiwa? Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake wakasema ndiyo. Bi Hawa mwenyewe rufaa yake ilikataliwa kwa sababu za kesi yake, maskini, lakini kanuni aliyoiacha imewasaidia wanawake wengi baada yake. Kwa hiyo mahakama ya juu kabisa ya nchi hii imekiri kwamba kufua ni kazi inayojenga nyumba. Tangazo bado linasema ni mchovyo mmoja na tabasamu.

Na msidhani kelele hizi ni za wanawake peke yao. Uingereza ilianza kutumia kanuni mpya tarehe 14 Juni 2019, inayokataza matangazo yenye mawazo mgando ya jinsia yanayoweza kuleta madhara. Agosti mwaka huohuo yakazuiwa ya kwanza mawili. Moja lilikuwa la jibini ya Philadelphia: akina baba wawili wamenogewa na chakula hotelini hadi watoto wao wachanga wanachukuliwa na mkanda unaozungusha vyakula. Watu walilalamika kwamba linawafanya wanaume waonekane hawawezi kulea. Ningekuwa mwanaume ningekasirika. Wewe uliyelea watoto wako, ungecheka?

Mwalimu, binti yangu wa darasa la 6 anataka kuandikia kampuni ya sabuni ya vyombo kuwaambia kwamba akina baba nao wanakula. Mume wangu anasema atatuaibisha. Nimruhusu? — Mama J, Isanga

Mruhusu, na umnunulie bahasha. Meghan Markle, yule aliyeolewa baadaye na mwana wa mfalme wa Uingereza, alikuwa na miaka 11 alipoandika barua Marekani kulalamikia tangazo la sabuni ya vyombo lililosema wanawake wa Marekani yote wanapambana na masufuria yenye mafuta. Barua moja aliielekeza kwa Procter & Gamble, wenye sabuni. Tangazo likabadilishwa, badala ya wanawake likataja watu.

Binti aandike kwa adabu, ataje tangazo lilioneshwa kituo gani na saa ngapi, na aseme anataka nini kibadilishwe. Nakala iende kwa kituo kilichorusha. Wasipojibu, TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi, ina Kamati ya Maudhui inayopokea malalamiko ya vipindi vya redio na televisheni. TAMWA, chama cha wanahabari wanawake, kimekuwa kikifuatilia jinsi mwanamke anavyooneshwa tangu 1987, kwa hiyo hatakuwa wa kwanza kusema. Akitaka kuonekana msomi kabisa ataje Itifaki ya Maputo ya 2003, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, ibara ya 13, ambayo Tanzania imeiridhia: inazitaka nchi zitambue thamani ya kiuchumi ya kazi za mwanamke nyumbani, na ibara hiyohiyo inataka wanawake walindwe wasinyonywe kwenye matangazo. Mume wako mwambie aibu iko wapi hapo, huyo ni mtoto anayejua kuandika barua rasmi.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa kamera. Mama mmoja anayetengeneza sabuni ya maji hapa Mbeya amenipa kazi ya tangazo fupi, anataka "liwe kama yale ya TV", mama na beseni. Nikibadilisha atakataa kunilipa. Nifanyeje? — Kijana, Mafiati

Marahaba mwanangu. Njaa yako naiheshimu, usigombane na mteja. Mpe biashara. Mwambie wavulana wa getoni wananunua sabuni, wanachuo wa kiume wananunua sabuni, madereva wa bodaboda wanafua jaketi zao wenyewe, na hakuna anayezungumza nao.

Mwoneshe pia mfano. India, sabuni ya Ariel ilianza mwaka 2015 kuuliza kama kufua ni kazi ya mwanamke peke yake. Mwaka uliofuata wakatoa tangazo la baba mzee aliyemtembelea binti yake. Binti ametoka kazini, simu ya ofisi sikioni, anapika, anafua, mumewe amekaa mbele ya televisheni anauliza chai. Mzee anamwandikia barua ya kuomba radhi kwamba yeye ndiye hakuwahi kuonesha mfano, kisha anarudi kwake na kushika nguo chafu. Lilitazamwa sana, na lilikuwa tangazo la kuuza sabuni, si mhadhara.

Mama naye usimtoe, itakuwa kioja kingine. Hata ile kanuni ya Uingereza haikatazi kuonesha mwanamke anasafisha. Inakataa familia nzima ichafue halafu yeye peke yake asafishe huku wengine wamekaa. Kwa hiyo mchukue mama na mwanawe na baba, mmoja anasugua, mwingine anasuuza, mwingine anakamua blanketi. Blanketi la Mbeya likilowa linahitaji watu wawili kulikamua, mmoja huku mmoja kule, wanazungusha mpaka maji yanachuruzika. Picha hiyo ni nzuri kuliko beseni la povu, na mnunuzi wa huku ataijua mara moja.

Nakuomba kitu kimoja zaidi. Nyumba ya vigae unayoiona kwenye matangazo, mwenye nyumba ya namna ile mara nyingi hafui. Anafua binti aliyetoka Kilolo au Ludewa, amemaliza la 7, anaitwa "dada" na watoto na hakuna anayejua jina la ukoo wake. Matangazo yamemfuta kabisa, utadhani nchi hii haina wafanyakazi wa ndani. Sijui kama mteja wako atakubali kumweka. Mwulize. Akikataa, angalau usimtafute binti wa kazi wa mtu aje akubebee ndoo za maji siku nzima ya kupiga picha, halafu mbele ya kamera akae mwingine mwenye kucha ndefu. Na kama utamtumia, mlipe kama unavyomlipa mshika taa. Bei yake iandike kwenye makadirio kabla hujampelekea mama sabuni, ili asije kukuambia hela imeisha.